Chopa ikitua, kaa mbali na mkia

Hivi umewahi kuona chopa ikishuka kwenye kiwanja cha mpira? Tangu kampeni za 2005, Freeman Mbowe alipozunguka nchi kwa helikopta akigombea urais, si kioja tena vijijini. Ila muungurumo ukisikika pale Nyegina, Musoma Vijijini, watoto bado watatoka mbio kuiwahi kabla vumbi halijatulia. Wengi tunaamini hatari ya chopa iko angani, ikigusa ardhi basi, imekwisha. Kumbe kwa wewe uliye chini ndiyo kwanza inaanza.

Tuanze na mkia. Rota ya juu ikizunguka upande mmoja, mwili wa chopa hutaka kuzunguka upande wa pili. Ndiyo ile kanuni ya tatu ya Newton uliyoikariri shuleni. Rota ndogo ya mkiani huzuia hilo. Kwenye Robinson R44, chopa ndogo inayotumika sehemu nyingi duniani, rota ya juu huzunguka takriban mara 400 kwa dakika, ya mkiani takriban mara 2,400. Yaani mara 40 kila sekunde! Jicho haliwezi kuifuata. Linaona kiwingu chepesi tu, na kwenye vumbi na jua kali halioni kitu. Pangaboi likikolea hupotea machoni vivyo hivyo, ila pangaboi liko darini; rota hii iko usawa wa kifua na kichwa chako. Mwaka 1981 mwongozaji wa filamu Boris Sagal alishuka kwenye chopa huko Oregon, Marekani, akaelekea upande wa mkia. Rota ikamuua.

Kwa nini rubani asizime tu? Injini ya turbini haizimwi ghafla. Huachwa iungurume taratibu kwa muda ili ipoe. Hata ikizimwa, mapanga huendelea kuzunguka. Na hapo ndipo watu hudanganyika, maana mapanga ya juu yanayopunguza mwendo ni hatari zaidi kuliko yanayokwenda kasi. Kasi ndiyo huyanyoosha. Ikipungua yanalegea na kuinama, na upepo wa ghafla kutoka ziwani unaweza kuyashusha hadi usawa wa kichwa. Ardhi ikiwa na mteremko, anayekuja kutoka upande wa juu anayakuta chini zaidi. Kwa hiyo unaisogelea kutokea chini ya mteremko, kwa mbele, ukiwa umeinama, na baada tu ya rubani kukuona na kukupa ishara.

Halafu kuna wanaodandia. Mei 2016 huko Bungoma, Kenya, mtu mmoja aling'ang'ania chopa iliyoleta mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma, ikapaa naye. Alianguka, akaumia, akapona. Watu walicheka sana, lakini fikiria fizikia yake: uzito ukivuta upande mmoja wakati chopa inaanza kunyanyuka, inaweza kubiruka pale pale, mapanga yakapiga ardhi katikati ya umati.

Kama wewe ni mwalimu au mwenyekiti wa kijiji mnaotarajia chopa, ondoeni mabati na turubai zilizolegea, na watu wote wakae upande wa mbele, nyuma ya kamba. Wawekeni vijana wawili wa kuzuia watu kupita upande wa mkia, nao wenyewe wakae mbali nao, wasiondoke mpaka mapanga yote yasimame kabisa. Kanga zifungwe vizuri. Na kofia ikipeperushwa, iache iende.