Horombo Usiku Mmoja au Miwili?

Agosti 2022 Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, alizindua intaneti yenye kasi pale Horombo, kituo cha vibanda kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na tukaahidiwa kwamba kabla ya mwaka kwisha ingefika kilele cha Uhuru. Tangu siku hiyo mazungumzo yote ya mlima yakawa ni picha za kurushwa kutoka juu. Mawasiliano ni jambo la heri na sitayabeza. Kinachosikitisha ni kwamba Horombo ilitajwa kila mahali, na swali linalomhusu kila mpandaji wa njia ya Marangu halikuguswa na yeyote: atalala hapo usiku mmoja au miwili? Njia hiyo humlaza mpandaji kwenye vibanda vitatu, Mandara, Horombo na Kibo, kabla ya kilele cha Uhuru. Safari ya vibanda ipangwe kwa kupima mwinuko kati ya kitanda cha leo na kitanda cha kesho. Anayehesabu vibanda vitatu, akasema basi kupanda ni siku tatu na usiku wa kilele, amekubali kuongozwa na ratiba ya watu ambao hawakuwa na elimu ya hewa haba.

Vibanda hivyo vina historia yake. Viwili vya kwanza vilijengwa na Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia: kimoja mwisho wa msitu, wakakiita Bismarck, na kingine juu zaidi kwenye nyika ya vichaka, wakakiita Peters. Cha tatu, Kibo, chini ya mteremko wa kasoko, kilikuja miaka ya 1930 Waingereza wakitawala. Hili la Peters halifai kupitwa haraka. Carl Peters, aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Ujerumani Kilimanjaro mwaka 1891, alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na miezi michache baadaye akamnyonga Jagodja, binti wa Kichaga aliyekuwa akiishi kituoni kwake. Kashfa hiyo ilipofika Berlin ilimfukuzisha kazi mwaka 1897. Mtu ambaye serikali yake mwenyewe ilimwona hafai ndiye aliyetukuzwa kwa kibanda juu ya ardhi ya waliofiwa, na jina lake likadumu kwenye ramani hata chini ya Waingereza. Taifa huru lililifuta, likaweka la Horombo, mangi wa Keni aliyeitiisha sehemu kubwa ya Uchaga kabla Mzungu yeyote hajauona mlima. Na kibanda cha chini kikapewa jina la Mandara, yaani Mangi Rindi wa Moshi. Miaka ya 1970 vikajengwa vibanda vipya vya mbao kwa msaada wa Norway. Majina yakabadilika, mbao zikabadilika, lakini mwendo kati ya kibanda na kibanda ukabaki uleule wa mpagazi mwenye mzigo.

Na aliyefika kileleni wa kwanza hakupanda kwa mwendo huo. Mjerumani Hans Meyer alishindwa na barafu mwaka 1887. Mwaka 1888 alitekwa wakati wa vita vya Abushiri, akakombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller wa Austria, na safari hii akiwa na mpango mwingine kabisa. Mangi Marealle alimpokea Marangu, naye akapanga kambi moja juu ya nyingine hadi kwenye tambarare iliyo kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, yapata mita 4,300, huku wapagazi wakipandisha chakula kila baada ya siku chache. Waliobaki juu ni hao wawili na Muini Amani wa Pangani, mtu wa pwani aliyeilinda kambi na kuwapikia katika baridi ambayo kwao haijulikani. Jina lake lilistahili kuwamo katika vitabu vya shule zetu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kasoko, wakageuka, wakapumzika, na tarehe 6 wakafika kileleni. Kisha wakaendelea kukaa juu wakijaribu Mawenzi, hadi zaidi ya wiki mbili zikapita. Waandishi wengi husifu kamba zao na mashoka yao ya barafu; mimi nasifu zile siku, na wale waliozibeba mabegani.

Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda cha kesho kisizidi cha leo kwa zaidi ya mita 500 hivi. Sasa piga hesabu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, Uhuru 5,895. Kila kibanda kinamrusha mtu mita 1,000. Mapafu huongeza pumzi papo hapo, lakini figo huhitaji siku kadhaa kurekebisha kemia ya damu ili pumzi hiyo iendelee hata usingizini, na pale Uhuru kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani. Asiye na siku ya ziada hufika Kibo, mahali pasipo maji ila yale yaliyobebwa na wapagazi, akalala saa chache, akaamshwa usiku wa manane apande mita 1,175, kisha siku hiyohiyo ashuke hadi Horombo. Akilala Horombo mara mbili, na mchana wa katikati akapanda kuelekea Mawenzi na kurudi, mita 1,000 za kwenda Kibo zinagawanyika kwa siku mbili, na wastani unakuwa mita 500 kwa siku, ingawa kitanda cha Kibo bado kinakizidi cha Horombo kwa mita 1,000.

Wapo watakaosema kijana mwenye nguvu hahitaji haya. Nguvu za miguu hazimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi humharakisha kuufikia. Wengine watataja dawa ya asetazolamaidi. Inasaidia, kwa ushauri wa daktari, lakini mapafu yakishajaa maji au ubongo ukivimba, tiba ya kutegemewa ni kushuka, na hapo ndipo intaneti inapofaa, kwa kuita msaada mapema. Wenye hema watasema njia ya Machame ni bora, kwani humpandisha mtu hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, ikamlaza Barranco chini ya mita 4,000. Nakubali. Lakini Marangu ndiyo njia pekee yenye vitanda, na wengi wataendelea kuichagua.

Pingamizi lenye uzito ni fedha. Ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku, na siku ya ziada huongeza chakula na ujira, ndiyo maana safari ya siku tano huuzwa kwa urahisi kuliko ya siku sita. Mpandaji adai usiku wa pili wa Horombo uandikwe kwenye mkataba, na mapema, kwa sababu kituo hicho hulaza wanaopanda na wanaoshuka pamoja na hujaa misimu ya kiangazi. KINAPA, yaani mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, nayo iufutie usiku huo ada ya hifadhi na ya kitanda, kwa sharti kwamba ujira wa wapagazi wa siku hiyo ulipwe kamili. Mapato yatakayopungua yapimwe kando ya gharama ya kuwashusha wagonjwa usiku kwa machela ya gurudumu moja, kazi ambayo huwaangukia wapagazi walewale.