Kujaribu depo ya disiki mbele ya kuiamini

Mu likizo kubwa nilikaa kwa shemeji yangu, mwenye kulinda masini za ofisi moja ya mjini. Nilikuta watu wanalia juu ya orodha ya mishahara iliyopotea. Nikauliza: Seriveri ilikufa? Akasema: "Hapana, seriveri ni nzima. Depo njo ilikufa."

Siku hizi masini moja kubwa inabeba seriveri nyingi ndani yake, na kila moja inazani iko peke yake. Lakini vitu vyao vyote vinalala mu depo moja ya disiki. Ikianguka, zote zinaanguka.

Mu mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walitoa andiko juu ya kuunganisha disiki nyingi za bei rahisi. Ile namna inaitwa RAID. Tuseme disiki tatu zinashika 7, 4 na 9. Ya ine inashika jumla, 20. Ile ya 4 ikikufa, toa 7 na 9 mu 20, umepata 4 yako. (Masini haijumlishi vile kabisa, na mu RAID 5 jumla inatawanywa ku disiki zote, lakini akili ni ile ile.) Zikikufa mbili, hesabu inashinda kila mutu. Njo yaliyofika mule ofisini: taa nyekundu ya disiki moja iliwaka majuma mengi, hakuna aliyeangalia. Ya pili ikakufa, basi.

Tena kuna mambo ya mbio. Disiki ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika inafanya kazi ndogo kama 75 hadi 100 tu kwa segonde, kwa sababu mkono wake unapashwa kutembea kutafuta mahali. Seriveri moja inaweza kusoma kwa mustari, lakini kumi zikiomba pamoja, maombi yanachanganyika na mkono unakimbia huku na huku. Kwa hiyo usijaribu na faili moja ndefu na kufurahi! Programu fio inaweza kutuma vipande vya kilobaiti 4 ao 8, kusoma na kuandika pamoja. Na ku RAID 5 andiko dogo moja linaomba kazi 4: kusoma kitu cha zamani na jumla ya zamani, halafu kuandika vyote viwili upya. Ku disiki za mapasa ni kazi 2, hata kama zinakula nusu ya nafasi.

Depo mupya ilipofika, shemeji aliweka kwanza vitu vya bure, akaanzisha kazi nyingi, halafu akachomoa disiki moja kwa mkono. Mimi nilishika moyo. Seriveri ziliendelea, polepole kidogo. Akaingiza disiki ingine, akahesabu saa za kujengwa upya. Kisha akachomoa waya moja kati ya mbili za kuunganisha masini na depo, na hapo seriveri zote zikasimama. Kumbe masini ilifundishwa njia moja tu! Akatengeneza, akachomoa tena, zikaenda.

Siku ya tatu akakata umeme wenyewe, kazi zikiendelea. Depo ina kumbukumbu ya mbio inayojibu "nimeandika" mbele ya disiki kuandika. Bila betri, yale yanapotea. Betri ilishika. Jioni njo alikubali turudishe mishahara, tukiandika jina kwa jina kutoka karatasi za zamani.