Nyasi Zilindazo Reli ya Madagaska

Katika kisiwa cha Madagaska ipo reli yenye urefu wa kilomita 163, itokayo Fianarantsoa, mji wa nyanda za juu, hadi bandari ya Manakara katika pwani ya mashariki. Ilijengwa na serikali ya Kifaransa kati ya 1926 na 1936. Vijana wa Kimalagasi walioandikwa jeshini walikabidhiwa sururu badala ya bunduki, wakatoboa milima mahali 48 ili gari-moshi lipate kupita.

Vijiji vingi vilivyo kandokando ya reli hiyo havina barabara ya magari. Ndizi na kahawa huteremshwa kwa gari-moshi, na abiria vivyo hivyo. Reli ikifungwa, ndizi huozea stesheni.

Mwaka 2000 vimbunga Eline na Gloria viliporomosha udongo wa vilima juu ya reli, usafiri ukakatika. Ilipokwisha kufukuliwa, wakulima walishauriwa kupanda nyasi za vetiva katika miteremko waliyokuwa wakiilima. Mizizi yake huzama chini sana na kuushika udongo usiporomoke. Hivyo mkulima aliyetoa sehemu ya shamba lake kwa nyasi hizo alijihifadhia njia ya kufikisha mavuno yake sokoni.