Kabla Hajawa Muuaji, Alikuwa Mtoto

Tarehe 9 Januari 1991, polisi wa jimbo la Florida, Marekani, walimkamata katika baa moja mwanamke wa miaka 34 aliyeitwa Aileen Wuornos. Siku chache baadaye alikiri kuwaua kwa bastola wanaume saba katika muda wa mwaka mmoja. Alikuwa kahaba aliyesimamisha magari kwenye barabara kuu. Alidai aliua kujitetea asibakwe, kisha baada ya miaka akabadili maneno na kusema aliua ili aibe. Alihukumiwa kifo mara sita.

Wengi wakisikia habari kama hizi husema, "Huyo alizaliwa shetani." Hebu tuangalie alikozaliwa.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1956 katika jimbo la Michigan. Mama yake aliolewa akiwa na miaka 14, na ndoa ilikuwa imevunjika hata kabla Aileen hajazaliwa. Baba yake hakumwona kamwe. Mtu yule alifungwa kwa kumnajisi mtoto mdogo, akajinyonga gerezani mwaka 1969. Mapema mwaka 1960 mama aliwaacha watoto wake wawili, Aileen na kaka yake Keith, akaenda zake. Babu na bibi mzaa mama wakawachukua kisheria kuwa watoto wao.

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa shida, maana watoto walipata nyumba, chakula na shule. Lakini waliambiwa kwamba hao ndio baba na mama waliowazaa. Walipokuwa wakubwa kidogo wakagundua ukweli, na jambo hilo liliwaumiza sana. Wazazi wengi hudhani siri ya namna hii humlinda mtoto. Humlinda mpaka siku anapoambiwa na mwingine.

Babu alikuwa mlevi. Aileen alieleza kwamba alimvua nguo na kumchapa kwa mkanda. Ni haki kusema pia kwamba mjomba wake, aliyelelewa katika nyumba hiyohiyo, aliiambia mahakama kuwa ile ilikuwa familia ya kawaida. Wala mjomba huyo hakuua mtu. Basi mapigo peke yake hayamfanyi mtu kuwa muuaji, na wale wanaume saba walikuwa na wake, watoto na ndugu ambao machozi yao hayafutwi na habari za utoto wa mtu yeyote.

Hata hivyo, tazama lililofuata. Alipokuwa na miaka 11 hivi, wavulana wa mtaani walikuwa wakimtumia kwa malipo ya sigara na vijisenti, kisha mchana wanamcheka. Alipokuwa na miaka 14 akapata mimba, alisema alibakwa. Alipelekwa Detroit, katika nyumba ya wasichana waliopata mimba bila ndoa. Machi 1971 akajifungua mtoto wa kiume, ambaye alichukuliwa kwenda kulelewa na watu wengine. Miezi michache baadaye bibi yake akafa, na babu akamfukuza nyumbani.

Msichana wa miaka 15 akaanza kulala msituni, karibu kabisa na nyumba alimokulia. Huo haukuwa msitu wa mbali wenye simba. Ulikuwa mwisho wa mtaa. Wenzake wa shule walijua yuko pale. Wakati wa baridi ya Michigan theluji hujaa ardhini, na kwa hiyo mtoto aliyetaka kulala ndani ya nyumba alilipa kwa mwili wake. Mimi naona hapa ndipo penye uzito kuliko hata ule mkanda wa babu. Mtoto anayepigwa bado anaweza kukimbilia kwa jirani. Aileen alizungukwa na majirani, lakini hatusikii kwamba mama yeyote alimwita aingie ndani.

Mwaka 1976 kaka yake alikufa kwa kansa, na mwaka huohuo babu akajiua. Miaka iliyobaki ilikuwa ya pombe, wizi, jela na barabara.

Novemba 1991, alipokuwa akingoja kesi yake, mwanamke mmoja Mkristo aliyeona picha yake gazetini, pamoja na mumewe, walimchukua kisheria kuwa binti yao. Sitaki kudharau moyo ule. Lakini binti alikuwa na miaka 35, yuko nyuma ya nondo, na hata uhusiano huo uliharibika baadaye.

Hakukosa kabisa mtu. Rafiki mmoja wa kike waliyefahamiana tangu ujana kule Michigan alimwandikia barua kwa miaka mingi gerezani. Aileen aliuawa kwa sindano ya sumu tarehe 9 Oktoba 2002. Mwili wake ulichomwa, na rafiki yule akayachukua majivu, akayarudisha Michigan na kuyamwaga chini ya mti.