Pata Isigeuke Bata

Tenzi za kale za Lamu na Mombasa ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu fasaha hakina "p", "ch" wala "v"; hati nyingine hutumia "ba" mahali pa "pa", nyingine huongeza nukta. Basi, msomaji, ukitaka kuzichapisha leo kwa kompyuta, chagua sura ya herufi kwa hadhari. Ikikosa "pa" ya nukta tatu, mtambo huiazima kwenye sura nyingine bila kukuuliza, neno likatoka na kiraka. Ukitia "ba" badala yake, "pata" husomeka "bata". Sura iitwayo Amiri, iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo, inazo zote. Itie ndani ya faili kabla ya kuipeleka kwa mchapaji.