Renton: Kijiji Kilichoitwa Bingwa wa Dunia

Wapenzi wa mpira wa miguu huyajua majina ya Celtic na Rangers, timu kubwa mbili za mji wa Glasgow katika nchi ya Uskoti. Ni wachache waliopata kusikia jina la Renton. Walakini ulikuwako wakati ambapo Renton, timu ya kijiji kidogo cha watu wa viwandani, ilisimama juu ya timu zote za Uskoti na za Uingereza pia, na kwenye banda la uwanja wake likatundikwa bango la kuwatangazia wapitao kwamba hapo ndipo nyumbani kwa Mabingwa wa Dunia.

Habari ya jinsi kijiji hicho kilivyopanda, na jinsi kilivyoshuka upesi, yafaa kujulikana. Maana Renton haikuanguka kwa uvivu, wala kwa kukosa vijana hodari. Ilianguka kwa sababu haikuweza kuwashika vijana wale iliowalea yenyewe.

Bonde la Mto Leven

Mto Leven hutoka katika ziwa liitwalo Loch Lomond, ukateremka kuelekea kusini mpaka mji wa Dumbarton, ambako huingia katika mto mkubwa wa Clyde. Safari yake ni fupi, maili chache tu. Lakini maji yake ni safi na laini, na kwa ajili hiyo tangu karne ya 18 watu walijenga kando yake viwanda vya kusafisha nguo, kuzitia rangi na kuzichapa maua. Nguo nyekundu za bonde lile zilisifika sana, zikapelekwa mpaka Bara Hindi.

Kazi ya viwanda ndiyo iliyojaza watu katika vijiji vya bonde. Kijiji cha Renton kilikuwa kimojawapo, na wakazi wake walikuwa elfu chache tu. Vijana wake walipopata nafasi jioni au Jumamosi walizoea kucheza shinti, mchezo wa kale wa Waskoti wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo zilizopinda. Kisha mwaka wa 1872 wachezaji wa Queen's Park, chama cha mpira cha kwanza katika Uskoti, walikuja kutoka Glasgow kuonyesha mchezo mpya wa mpira wa miguu. Vijana wa bonde waliupenda mara moja. Mwaka ule ule vilianzishwa vyama vitatu vilivyokaa karibu karibu: Vale of Leven katika mji wa Alexandria, Dumbarton kule mtoni, na katikati yao Renton.

Mwaka uliofuata, yaani 1873, Waskoti waliunda Chama cha Mpira cha nchi nzima na kuanza kushindania Kombe la Uskoti. Renton ilikuwamo tangu mwanzo, ikaishinda Kilmarnock katika siku ya kwanza kabisa ya mashindano hayo, tarehe 18 Oktoba 1873.

Sifa ya bonde hilo yaweza kupimwa kwa hesabu. Kati ya Makombe 15 ya kwanza, Queen's Park walitwaa 8, na timu ya Hibernian ya Edinburgh ikapata 1. Yote 6 yaliyobaki yalikwenda katika bonde la Leven: Vale of Leven walilichukua mwaka wa 1877, 1878 na 1879, Dumbarton mwaka wa 1883, na Renton mwaka wa 1885 na 1888. Ule mwaka wa 1885 walioshindana katika mchezo wa mwisho walikuwa majirani wawili, Renton na Vale of Leven. Walitoka sare bila bao, wakarudiana, na Renton wakashinda kwa mabao 3 kwa 1.

Mwaka wa Fahari

Mwaka wa 1888 ndio uliokuwa kilele. Tarehe 4 Februari Renton walikutana na Cambuslang katika mchezo wa mwisho wa Kombe, wakawafunga mabao 6 kwa 1. Tangu siku hiyo hakuna timu iliyopata kushinda mchezo wa mwisho wa Kombe la Uskoti kwa tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo.

Nguvu yao ilikuwa nini? Kwanza ni mchezo wa kupeana mpira, ambao Waskoti waliujua vizuri wakati ambapo wachezaji wengi wa Uingereza walipenda kukimbia na mpira kila mtu peke yake. Pili, walikuwa na safu ya katikati iliyosifiwa nchi nzima, yaani Kelso, Kelly na McKechnie. James Kelly, mzaliwa wa Renton, alicheza senta-hafu, lakini hakukaa nyuma kungoja adui. Alipokonya mpira, akaupeleka mbele, akawagawia washambuliaji wake. Tatu ni mazoezi na chakula. Inasimuliwa hata leo kwamba wachezaji walikuwa wakinyweshwa mayai mabichi yaliyopigwa pamoja na mvinyo mtamu, nao waliuita mchanganyiko huo mchuzi wa kuku.

Huko Uingereza, Kombe la mwaka ule lilitwaliwa na West Bromwich Albion, waliowashinda Preston North End kwa mabao 2 kwa 1 tarehe 24 Machi. Ndipo wakapatana kwamba wenye Kombe la Uskoti na wenye Kombe la Uingereza wakutane, na mshindi aitwe bingwa wa Ufalme wa Muungano na wa Dunia. Jina hilo lilikuwa kubwa, lakini halikuwa majivuno matupu, kwa maana siku zile hapakuwa na nchi nyingine iliyoweza kushindana na hizo mbili katika mpira.

Mchezo ulifanywa Hampden, Glasgow, tarehe 19 Mei 1888. Ilinyesha mvua kubwa yenye radi hata uwanja ukajaa maji. Watu wa Renton hawakujali. Walishinda mabao 4 kwa 1, wakarudi kijijini na kikombe chao. Kikombe hicho kiliokoka miaka yote iliyofuata, kikawekwa katika makumbusho ya mpira wa Uskoti huko Hampden.

Wachezaji Wanaondoka

Siku 9 tu baada ya ushindi huo, tarehe 28 Mei, chama kipya cha Glasgow kilicheza mchezo wake wa kwanza. Jina lake lilikuwa Celtic, na kiliundwa ili kupata fedha za kuwalisha maskini wa upande wa mashariki wa mji. Kilicheza na Rangers, kikashinda mabao 5 kwa 2. Bao la kwanza kabisa katika historia ya Celtic lilifungwa na Neil McCallum, na senta-hafu alikuwa James Kelly. Wote wawili walikuwa watu wa Renton.

Kuondoka kwa Kelly kulikuwa pigo kubwa, na halikuwa la mwisho. Huko Uingereza, tangu mwaka wa 1885 sheria iliruhusu wachezaji kulipwa mshahara. Katika Uskoti jambo hilo lilikatazwa mpaka mwaka wa 1893, ingawa vyama vingi vililipa kwa siri. Basi mawakala wa timu za Uingereza wakapanda gari la moshi kwenda Uskoti kutafuta wachezaji, na bonde la Leven likawa shamba lao la kuvunia.

Kijana aliyefanya kazi ya jasho katika kiwanda cha rangi asingeweza kulaumiwa kwa kuukubali mshahara mzuri wa kucheza mpira. John Campbell, mshambuliaji wa ile timu ya mwaka 1888, alikwenda Sunderland. Timu hiyo ilikuwa bingwa wa ligi ya Uingereza mwaka wa 1892, 1893 na 1895, na katika kila mwaka wa hiyo mitatu hakuna aliyefunga mabao mengi kuliko Campbell katika ligi nzima. Andrew Hannah, beki, alikwenda Everton, akawa kapteni wake ilipotwaa ubingwa mwaka wa 1891, kisha akawa kapteni wa kwanza wa Liverpool. Kwa hiyo timu zilizopata jina kubwa duniani ziliwekewa msingi kwa mikono ya vijana wa kijiji kimoja.

Ligi Iliyoitishwa na Renton

Jambo la ajabu ni kwamba Renton wenyewe ndio walioanzisha safari ya ligi katika Uskoti. Mwezi wa Machi 1890 katibu wao, Peter Fairly, aliviandikia vyama vingine kuviita mkutanoni Glasgow. Shabaha ilikuwa kupata michezo ya hakika kila Jumamosi, na kwa njia hiyo kupata fedha za hakika mlangoni. Queen's Park walikataa kuingia, wakihofu kwamba ligi ingeleta wachezaji wa kulipwa na kuviua vyama vidogo. Hata hivyo ligi ilianza mwaka ule ule ikiwa na timu 11.

Renton hawakumaliza hata msimu wa kwanza. Mwezi wa Septemba timu ya St Bernard's ya Edinburgh ilifungiwa kwa kosa la kulipa wachezaji kwa siri, nayo ikajibadilisha jina na kucheza na Renton. Wakubwa wa Chama cha Mpira waliposikia, waliwafungia Renton pia. Walikuwa wamecheza michezo 5 tu ya ligi, na matokeo yote yakafutwa. Renton walikwenda mahakamani, wakashinda kesi yao, wakarudi katika ligi msimu wa 1891–92. Lakini hasara ilikuwa imekwisha kuingia.

Kuanzia hapo hesabu za fedha zilikuwa dhidi yao. Mwaka wa 1891 Glasgow ilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni. Celtic na Rangers waliweza kujaza viwanja vyao na kulipa mishahara kwa fedha za mlangoni. Kijiji cha watu elfu chache, hata kama wote wangekuja uwanjani, kingepata nini? Mwaka wa 1894 Renton walishika mkia, wakashushwa daraja la pili. Msimu uliofuata waliacha kwenda kucheza na Dundee Wanderers katika ligi, wakaenda kucheza mchezo wa kirafiki na Queen's Park uliowaletea fedha zaidi. Kwa kufanya hivyo walipoteza pointi ili wapate shilingi za kuendelea kuishi. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1895 walifika tena katika mchezo wa mwisho wa Kombe, wakafungwa mabao 2 kwa 1, na waliowafunga walikuwa St Bernard's.

Hiyo ilikuwa nuru ya mwisho ya taa. Mwaka wa 1897, baada ya michezo 4 tu ya msimu mpya, Renton walijitoa katika ligi, na nafasi yao ikachukuliwa na Hamilton Academical. Chama kiliendelea kwa taabu katika mashindano madogo madogo mpaka mwaka wa 1922, kikavunjwa.

Kilichobaki

Renton hawakuzama peke yao. Vale of Leven, waliochukua Kombe mara tatu mfululizo, walitoka katika ligi mwaka wa 1892 baada ya msimu mzima bila kushinda mchezo hata mmoja. Katika timu zile 11 za mwaka 1890, zilizodumu mpaka siku zetu ni 5: Celtic, Rangers, Hearts, St Mirren na Dumbarton. Hofu ya Queen's Park haikuwa ya bure.

Uwanja wa Renton, ulioitwa Tontine Park, ulijengwa nyumba za watu. Viwanda vya rangi navyo vilifungwa vyote. Lakini kazi ya kijiji haikupotea. James Kelly alidumu na Celtic, akawa mmoja wa wakurugenzi wake na baadaye mwenyekiti. Mwanawe, Robert Kelly, alikalia kiti kile kile, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti mwaka wa 1967, Celtic walipokuwa timu ya kwanza ya Uingereza nzima kutwaa Kombe la Ulaya.

Kwa yeyote anayeongoza chama cha wilaya au timu ya mahali pa kazi, habari ya Renton ina neno la kutafakari. Kulea vijana hodari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na hazina, hesabu safi na mahali pa kuchezea, ili kijana aliyelelewa hapo asione kwamba heshima yote iko mbali. Renton waliiweza nusu ya kwanza kuliko timu yoyote ya siku zao. Nusu ya pili, kwa kijiji kidogo kama chao, ilikuwa nzito mno.