Panga Mauzo ya Ng'ombe Kabla Kiangazi Hakijakaza



Misafara ya zamani kati ya Unyanyembe na Bagamoyo ilikwenda kwa posho ya kupimwa; aliyeimaliza mapema alilala njaa njiani. Kiangazi chetu cha Tabora nacho ni safari: mvua hukatika Mei, hurudi Novemba.

Anayesubiri shida huuza Oktoba, ng'ombe mbavu nje, na bei hupangwa na mnunuzi. Ng'ombe huyo huyo Juni ana mwili. Basi kaeni sasa, baba, mama na vijana, muazimie haya:

1. Andikeni mahitaji yote hadi Januari: chakula, dawa ya kuogeshea, chanjo ya homa ya mapafu, sare na madaftari.
2. Chagueni wa kuuza: majike tasa, wazee na madume ya ziada. Mitamba ibaki.
3. Uzeni mnadani Juni au Julai. Fedha ya chanjo na ya shule itengwe siku hiyo hiyo, benki, kwenye simu au VICOBA.
4. Fedha ya maziwa ibaki kwa mama, ya chumvi na sabuni.

Ng'ombe akifa kwa njaa, akiba imekufa naye. Ukisita kuchagua, mwite afisa mifugo wa kata zizini.